Kuingia Chuoni Si Kumaliza

Wahenga walisema mwanzo mgumu. Lakini katika masomo ya chuo, mara nyingi ugumu hauko mwanzoni, uko katikati. Wengi huandikishwa, wachache huvaa joho. Juma hili nataka tulitazame jambo hilo kwa wanawake wa Marekani wenye asili ya Kihispania, yaani wale ambao wao au wazee wao walitoka Meksiko, Puerto Rico, Kuba au nchi za Amerika ya Kati na ya Kusini.

Kwa hesabu za Idara ya Sensa ya Marekani za mwaka 2021, katika kila Wahispania 100 waliotimiza umri wa miaka 25, ni kama 21 tu waliokuwa na shahada ya kwanza au zaidi. Kwa Wazungu, idadi hiyo ilikuwa kama 42. Mwaka 2011 Wahispania hao walikuwa 14 katika 100, kwa hiyo hatua imepigwa, na wanawake wamewatangulia kaka zao. Hata hivyo, wako wengi walioanza wakaishia njiani. Na anayeishia njiani mara nyingi hurudi nyumbani na deni la mkopo, bila cheti cha kumsaidia kulilipa.

Ni kitu gani kinachomwangusha? Jibu jepesi ni kusema hana bidii, au shule alikotoka ni mbovu. Shule mbovu zipo, hatukatai. Lakini tuitazame siku yake. Wengi wao ni wa kwanza katika familia kuingia chuo. Asubuhi yuko darasani, jioni yuko kazini dukani au mkahawani, usiku anamlea mdogo wake au mtoto wake mwenyewe. Akiwa kifungua mimba, ndiye anayempeleka mama hospitali ili amtafsirie maneno ya daktari. Mtu wa namna hii huangushwa na mambo madogo. Nauli ikikosekana au mlezi wa mtoto akiugua, kipindi kimempita. Vipindi vikipita vingi, muhula umekwenda, na ada yake imekwenda nao.

Basi kinachosaidia ni nini? Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mpango uitwao ASAP katika vyuo vyake vya miaka miwili. Mwanafunzi alitakiwa kuchukua mzigo kamili wa masomo kila muhula. Nacho chuo kilimlipia ile sehemu ya ada ambayo misaada mingine haikuifikia, kikampa tiketi za treni na basi, kikamsaidia vitabu, na kikampangia mshauri aliyemjua kwa jina na kukutana naye mara kwa mara.

Watafiti wa shirika la MDRC waliupima mpango huo. Walichukua wanafunzi karibu 900 wa kipato kidogo, wakawagawa kwa kura: wengine waingie mpangoni, wengine waendelee kama kawaida. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na Wahispania walikuwa kundi kubwa kuliko jingine lolote. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya walioingia mpangoni walikuwa wamehitimu. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 22. Kumbuka, msikilizaji, kilichowatenganisha ni kura, si akili wala bidii. Mwanafunzi wa mpango huo aligharimu fedha zaidi, lakini kwa kuwa waliomaliza walikuwa wengi, gharama kwa kila aliyehitimu ilikuwa ndogo.

Jambo la pili ni kuwa na wenzako. Mwaka 1981, katika chuo cha Chabot mjini Hayward, California, mwalimu wa Kiingereza Patricia McGrath na mshauri wa wanafunzi Felix Galaviz walianzisha mpango walioupa jina la Puente, maana yake daraja. Wanafunzi husoma pamoja kama kundi moja, huandika juu ya maisha ya jamii yao, hushauriwa, na huunganishwa na mtu mzima mwenye taaluma aliyekwisha kupita njia hiyo. Anayetaka kuacha huwa yuko mtu wa kumwuliza kulikoni.

La tatu ni familia. Wapo wanaodai kwamba familia ya Kihispania humvuta binti nyuma. Lakini Celina Sotomayor wa Bronx, muuguzi mjane aliyezaliwa Puerto Rico, aliwanunulia watoto wake ensaiklopidia, kisha yeye mwenyewe akarudi darasani ili apande daraja katika uuguzi. Binti yake Sonia alihitimu Princeton mwaka 1976, na mwaka 2009 akawa Mhispania wa kwanza katika Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani. Chuo kinachowaita wazazi na kuwaeleza habari za ada na mikopo kwa Kihispania hujipatia wasaidizi nyumbani.

Sheria ya mwaka 1992 ilivitambua rasmi vyuo ambavyo angalau robo ya wanafunzi wake ni Wahispania, na baadaye vikapewa ruzuku. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ilitangaza kusimamisha ruzuku hizo, ikidai kwamba kuzigawa kwa hesabu ya asili ya wanafunzi ni kinyume cha Katiba. Wanasheria watabishana. Lakini yale yaliyofanya kazi New York hayakuhitaji kumwuliza mtu kabila lake. Yalikuwa nauli, vitabu, ada iliyopungua, na mshauri anayefuatilia. Chuo kinachojisifu kwa idadi ya wanaoandikishwa na kiulizwe pia: wangapi wamemaliza?

Hadi juma lijalo, kwaherini.