Majani ya Marakaraka na Jua Kali

Mtu wa Tunduma aliyepanda mbele ya nyumba yake mmea wa majani ya marakaraka, nusu kijani nusu meupe, hushangaa kuuona umebabuka mwezi wa Oktoba, hali mpapai ulio jirani hauna neno. Asitafute mchawi. Chakula cha mmea hupikwa na ile rangi ya kijani, iitwayo klorofili, kwa nguvu ya jua. Pale peupe hapana klorofili, basi hapapiki kitu, bali hulishwa na pale pa kijani. Tena mara nyingi hukosa hata rangi ya manjano, ambayo katika jani zima hupunguza ukali wa mwanga uliozidi. Mimea mingine hujikinga kwa rangi nyekundu, mfano wa mwavuli. Lakini kuuficha mmea gizani si dawa, maana kijani chake ni kidogo, nacho kitakosa mwanga wa kupikia. Upeni jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kama mfanyavyo kwa miche ya kahawa kitaluni huko Mbozi.

Wala msidhani mhogo wenye mabaka ni pambo la namna hii. Ule ni ugonjwa wa batobato, uenezwao na nzi weupe, kivuli hakiuponyi. Msikate pingili zake za kupanda.