Zimamoto akirudi nyumbani analalaje?

Gari la zimamoto likichelewa, sisi watu wa kitaani ndio wa kwanza kuzomea. Likifika na moto ukazimwa, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Je, wale jamaa waliobeba maiti? Wiki hii nimekaa kwenye kompyuta nikisoma wanasaikolojia wamegundua nini juu yao, na majibu siyo yale niliyoyategemea.

Chukua Oklahoma City, Marekani. Tarehe 19 Aprili 1995 lori la bomu lilibomoa jengo la serikali, watu 168 wakafa. (Mabomu ya namna hiyo tunayajua hata huku, tangu Nairobi na Dar, 7 Agosti 1998.) Mtafiti Carol North na wenzake waliwahoji zimamoto 181 walioingia kwenye kifusi kile. Ugonjwa wa kiwewe, yaani kuota tukio usiku, kushtuka mlango ukibamizwa, kukwepa kila kinachokukumbusha, uliwapata asilimia 13. Kwa wanaume waliokumbwa na mlipuko wenyewe ilikuwa asilimia 23.

Kwa hiyo zimamoto ni wagumu? Ngoja kwanza. Asilimia 47 yao walishawahi kuwa na tatizo la pombe maishani, na karibu wote lilianza kabla ya bomu. Mimi naona hiyo namba inasema mengi kuliko ile 13. Bomu lilikuja siku moja tu, kazi ilikuwepo miaka yote.

Sasa tuje kwenye tiba, maana hapa ndipo pana utata. Mwaka 1983 Jeffrey Mitchell, ambaye mwenyewe alishafanya kazi ya zimamoto na ya ambulensi, alitoa utaratibu wake: siku chache baada ya tukio kikosi kinakaa chini, kila mtu anaeleza aliona nini na alijisikiaje. Kikao kimoja, basi. Vikosi kibao vikaupokea. Na kwa akili ya kawaida unaona sawa kabisa, si tunaambiwa ukisema unapumua?

Walipopima, mambo yakawa mengine. Mwaka 1997 Jonathan Bisson na wenzake kule Wales walichapisha utafiti wa wagonjwa walioungua moto. Baadhi walipewa kikao cha namna hiyo, wengine hawakupewa. Baada ya miezi 13, waliopewa kikao, asilimia 26 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Wasiopewa, asilimia 9. Kweli, waliopewa walikuwa wameungua zaidi tangu mwanzo, kwa hiyo usizibebe namba hizo kichwakichwa. Watetezi wa Mitchell nao walilalamika kwamba utaratibu ule ulikuwa wa vikosi, siyo wa mgonjwa mmoja kitandani. Hoja ina uzito. Lakini tafiti nyingine nazo hazikuona kinga yoyote, na mwaka 2005 mwongozo wa tiba wa Uingereza ukasema kikao kimoja cha aina hiyo kisiwe utaratibu wa kawaida.

Kwa nini kisaidie kidogo hivyo? Maelezo yanayotolewa ni kwamba watu wengi hutulia wenyewe wiki za mwanzo, na kumlazimisha mtu asimulie wakati kidonda bado kibichi ni kukitonesha halafu kumwacha. Mimi naongeza langu: mbele ya bosi wako, nani atasema alilia? Kinachosaidia zaidi ni mazungumzo ya awamu nyingi na mtaalamu, kwa yule ambaye wiki zimepita na bado halali.

Halafu kuna hii ya mwaka 2002, ndiyo iliyonimaliza. Akiva Liberman na wenzake waliwapima polisi 733 wa mijini Marekani. Kilichoendana zaidi na dhiki ya moyoni hakikuwa risasi wala maiti, bali kero za kila siku kazini: mabosi, zamu, vifaa vibovu, ubaguzi. Yaani askari anaweza kustahimili ajali mbaya, akaja kuvunjwa na ofisi yake.

Kama kuna askari, zimamoto au mtu wa ambulensi anapita hapa, au una baba au dada anayefanya kazi hizo, tuambie hapo chini: kwenu ni yale mnayoyaona barabarani, au ni ofisi? Hata bila jina, ruksa.