Gari likitoka gereji haliwaki, anzia palipoguswa

GARI liliingia gereji likitembea lenyewe. Likafunguliwa kichwa cha injini, gasketi ikabadilishwa, kikafungwa. Jioni dereva anapiga stata, injini inazunguka lakini haiwaki. Fundi anasema sensa imekufa. Kesho yake anasema ni pampu. Kesho kutwa anataka kompyuta ya gari ibadilishwe.

Kwa aliyekwama Ruti, pembezoni mwa Mbarara kwenye barabara ya Kabale na mpaka wa Katuna, hiyo si hasara ya vipuri tu. Wengi wetu tuliorudi makwetu bado tuna ndugu na biashara upande huu, hadi ndani ya makazi ya Nakivale wilayani Isingiro. Maharage yanangoja kupakiwa, mteja anahamia kwa mwingine, na gari lenye namba za nchi jirani lina muda wake kwenye karatasi za forodha. Siku linazolala gereji nazo zinahesabiwa.

Kifaa kilichokuwa kizima asubuhi ni nadra kufa chenyewe mchana wa siku ile ile. Kabla ya kununua chochote, mwambie fundi ataje kila alichofungua, kuchomoa au kusogeza, kisha mkague kimoja kimoja. Ikiwa kuna fundi mwingine aliyelishika gari njiani, sema. Mficha uchi hazai.

Sikiliza stata

Stata ikigonga "ka!" tu, au taa za dashibodi zikififia, anzia kwenye betri. Vichwa vya nyaya vinaweza kuwa vimelegea au vina kutu. Waya wa arthi unaounganisha injini na bodi husahaulika mara nyingi baada ya injini kufunguliwa. Kukaza nati moja kunaweza kumaliza kazi.

Injini ikizunguka vizuri bila kuwaka, kuna kitu kinakosekana. Ya petroli huhitaji mafuta, moto wa plagi na mgandamizo, na vyote vifike kwa wakati wake. Fungua swichi bila kupiga stata. Katika magari mengi ya sindano za petroli, pampu ya kwenye tangi husikika ikinguruma kwa muda mfupi. Isiposikika, tazama fyuzi, rilei na soketi yake.

Kisha fungua plagi baada ya kupiga stata. Zikiwa kavu, petroli haifiki. Zikiwa zimelowa, petroli inafika, ila moto haupo au unakuja wakati usio wake. Hapo kagua soketi za sensa za kranki na kamshafti, maana nyingi huchomolewa kichwa kikifunguliwa. Kama gari lina nyaya za plagi, hakikisha hazikupishana. Injini nyingi za Toyota za silinda nne hufuata mpangilio wa 1-3-4-2, na namba moja ni ile ya upande wa mikanda.

Dizeli ina tabia yake

Injini ya dizeli haina plagi za moto. Filta ikibadilishwa au mipira ya mafuta ikifunguliwa, upepo huingia ndani na mafuta hayafiki kwenye nozo. Dawa yake ni kutoa upepo: pampu ya mkono hubonyezwa mpaka iwe ngumu, na mafuta yatoke bila mapovu. Tazama pia waya mdogo wa kifaa kinachofungulia mafuta kwenye pampu ya nozo. Ukichomoka, injini itazunguka mpaka betri iishe.

Hatari iliyo kubwa zaidi

Kama mkanda wa taimingi uliguswa, acha stata kwanza. Injini inayozunguka kwa wepesi kuliko zamani inaweza kuwa imepoteza mgandamizo kwa sababu mkanda umeruka meno. Katika injini nyingi, hasa za dizeli, mkanda ukikosewa valvu hugongana na pistoni na kupinda. Fundi aizungushe kwa spana, taratibu, mizunguko miwili kamili ya kranki, kisha alama zote zirudi mahali pake. Ikigoma katikati, asilazimishe.

Vilevile, usipige stata mfululizo. Sekunde kumi zinatosha, kisha ipumzike, la sivyo itaungua na utakuwa na matatizo mawili. Kumwagia petroli kwenye njia ya hewa kumewahi kuunguza magari na mikono ya watu. Na gari la gia otomatiki halisukumwi ili liwake.

Kabla hujatoa pesa

Fundi akisema kipuri kimekufa, mwombe akuonyeshe alivyokipima. Ikiwezekana akijaribu kingine kizima kwanza, bila wewe kukinunua. Kipuri cha zamani kidai mkononi mwako, na makubaliano ya malipo yaandikwe kabla ya kazi kuanza. Fundi mzuri haoni hayo kuwa matusi. Naye anajua kwamba gari likiwaka kwa waya uliosahauliwa, mteja atarudi tena kwake.