Jua la Mabawa Lisitudanganye

Vijana wetu wapenda kwenda milima ya Usambara wakati wa likizo, kuitembelea misitu ya Amani, Magamba na Shagayu. Jambo hili ni jema, kwani kutembea katika ardhi ya Mwenyezi Mungu na kuyazingatia maumbile Yake ni elimu. Lakini twaona kasoro moja katika matayarisho yao: kijana wa Mabawa hufunga mzigo wake kwa kulitazama jua la uani kwao, ilhali aendako jua hilo halimfuati.

Natupime tofauti yenyewe. Tanga iko usawa wa bahari. Mji wa Lushoto uko kiasi cha mita 1,400 juu, na kilele cha Shagayu chapita mita 2,200. Kwa kawaida, kila tupandapo mita 1,000 hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Basi siku ambayo sisi twajipepea kwa joto la nyuzi 30, kule kileleni huenda ikawa nyuzi 17 tu, na usiku hushuka zaidi. Tena pepo zitokazo Bahari ya Hindi huipanda milima hiyo na unyevu wake, zikapoa, zikaleta ukungu na mvua hata nje ya masika na vuli. Asubuhi huweza kuwa nyeupe, na adhuhuri mtu asimwone mwenziwe aliye mbele yake.

Wengi wetu wa Pwani hudhani baridi iuayo ni ya theluji peke yake. Sivyo. Mtu aliyelowa, akapigwa na upepo, naye ana njaa na uchovu, mwili wake waweza kupoteza joto hata akafa katika hewa ya nyuzi 10. Nguo ya pamba ikilowa, iwe kanzu, kanga au suruali ya jinzi, hushika maji na kuunyang'anya mwili joto lake. Sufu huhifadhi joto hata ikipata unyevu.

Kwa hivyo yafaa tuchukue sweta na kofia ya sufu, na koti la mvua likae juu kabisa katika shanta, lisitafutwe mvua ikiisha kunyesha. Nguo za kulalia na soksi za akiba zifungwe peke yake katika turubai jepesi, zisiguswe mpaka tufike malaloni. Viatu viwe vya kufunika vifundo na vyenye soli ya meno, kwani udongo wa milimani ukilowa huteleza kama sabuni. Ndara na makubadhi zibaki nyumbani. Tusisahau tochi, kiberiti kilichofungwa vyema, tende, karanga, na chupa ya chai ya moto yenye sukari.

Wala baridi isiwe udhuru wa kuacha sala. Sheria yetu imemrahisishia msafiri kupangusa juu ya khufu, na imemruhusu kutayamamu yule achelewaye kudhurika kwa maji. Masharti yake tuyaulize kwa masheikh kabla ya kuondoka.

Jambo la mwisho ni haya isiyo mahali pake. Kijana huficha baridi yake asichekwe. Mkimwona mwenzenu atetemeka, ajikwaa, ulimi wamwia mzito na vidole vyashindwa kufunga kifungo, msingoje. Mvueni nguo zilizolowa kwa kumsitiri, mvisheni kavu, mkingeni na upepo, na akiwa na fahamu zake mpeni chai ya moto. Akiacha kutetemeka ilhali akili yamchanganyika, hiyo si nafuu bali ni hatari kubwa zaidi. Atafutiwe daktari upesi.

Nanyi wazazi, kabla ya kutoa ruhusa, lifungueni shanta mlitazame. Kumtegemea Mungu hakumwondolei mtu wajibu wa kujitayarisha, na nafsi ni amana. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu na kuwarejesha salama. Amin.