Kompyuta inazimika muda mfupi baada ya kuwashwa: tuhesabu dakika kwanza

Siku hizi kompyuta imeingia katika nyumba zetu na katika vikundi vyetu. Ndani yake tunaweka hesabu za Muso: sanduku la kijani la mikopo, sanduku jekundu la msiba na ugonjwa, na deni la kila mwanachama. Humo tunaweka pia kazi za watoto wanaomaliza masomo, na picha za ubatizo na ndoa. Halafu siku moja mashine inawaka, inakaa kidogo, inazimika. Tunaiwasha tena, inazimika tena.

Hapo wengi wetu tunaibeba mbio kwa fundi, na mara nyingi jibu ni moja: "Mama, inafaa kuformata." Tunalipa, mashine inarudi safi, lakini hesabu za mwaka mzima zimefutika. Na mara nyingine, kisha siku tatu, inazimika kama zamani, kwa sababu ugonjwa haukuwa mle ndani ya Windows. Kuformata kunasaidia programu zilizoharibika. Hakuondoi vumbi, wala hakutengenezi umeme mbaya.

Kabla ya kulipa, tuchukue saa na karatasi. Tuandike: imewaka kwa muda gani kabla ya kuzimika? Ilizimika ghafla kama taa, au ilionyesha maandishi kwanza? Ilikuwa ya moto? Muganga anauliza homa ilianza lini kabla ya kutoa dawa. Na hapa ni vile vile.

Ikizimika katika sekunde chache

Ikizimika hata kabla ya alama ya Windows kuonekana, tuangalie umeme kwanza. Sisi wa Bukavu tunaujua umeme wetu. Unatoka Ruzizi, na kuna siku chupa na mifuko ya plastiki tunayotupa katika mifereji inashuka mpaka ziwani, inaziba mitambo ya bwawa, na mji unaingia gizani. Jioni, kila nyumba ikiwasha jiko la umeme, nguvu inapungua mpaka taa inakuwa nyekundu. Kompyuta haiwezi kusimama na umeme kama huo.

Jaribio ni rahisi. Kama ni ya kubeba, tutoe chaja na tuiwashe kwa betri peke yake. Ikikaa vizuri, mashine ni nzima, na tatizo liko kwenye chaja au kwenye umeme wa nyumba. Ikikaa vizuri na chaja lakini inakufa mara tu tukiichomoa, betri imechoka. Kama ni ya mezani, tuichomeke moja kwa moja ukutani bila ralonji, au tuipeleke kwa jirani mwenye umeme mzuri.

Ikiendelea kuzimika hata huko, kuna sehemu mbili za kumwambia fundi azipime: boksi la umeme lililo ndani ya mashine, na vibao vya kumbukumbu ambavyo mafundi wanaviita bareti. Mara nyingine bareti imelegea tu. Fundi anaitoa, anaifuta, anairudisha mahali pake. Lakini lile boksi la umeme tusilifungue sisi wenyewe, kwani linabaki na umeme wa hatari hata kama limechomolewa.

Ikizimika kisha dakika tano, kumi au ishirini

Ikizimika ghafla bila maandishi, na ukigusa chini yake ni ya moto, hilo ni joto. Kompyuta imefundishwa kujizima yenyewe kabla ya kuungua. Dalili nyingine: feni inapiga kelele nyingi, au haisikiki kabisa. Tena, ukiiwasha papo hapo inazimika haraka zaidi kuliko mara ya kwanza, lakini ukiiacha ipoe saa moja, inakaa tena dakika zake.

Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, vumbi la barabara linaingia kila mahali. Ongeza moshi na unga wa makala kama kompyuta iko karibu na jikoni. Vyote hivyo vinaziba matundu ya hewa. Na watoto wanapenda kuiweka juu ya godoro au juu ya kikwembe, basi haipumui kabisa.

Tuiweke juu ya meza au ubao mgumu. Tuizime, tuichomoe, tutoe betri kama inatoka, halafu tusafishe matundu kwa brashi laini iliyo kavu. Kitambaa chenye maji hapana. Kama haitoshi, fundi aifungue, apulize vumbi, na abadilishe ile dawa ya kupitisha joto kati ya moyo wa mashine na feni, maana inakauka kadiri miaka inavyopita. Kazi hiyo haihitaji kufuta hata herufi moja ya hesabu zetu.

Ikifika ndani ya Windows halafu inaanguka

Ikionyesha ukurasa wa buluu wenye maandishi, tuupige picha na simu. Yale maneno na namba za chini ndiyo yanayomwonyesha fundi pa kuanzia.

Kisha tujaribu kuiwasha kwa njia nyepesi, inayoitwa "mode sans échec". Kwenye Windows 7, bonyeza F8 mara nyingi wakati inawaka. Kwenye Windows 10 na 11, shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza "Redémarrer", halafu fuata "Dépannage", "Options avancées", "Paramètres". Kwa njia hii mashine inawasha vitu vya lazima tu. Ikitulia humo, mkosaji mara nyingi ni programu: virusi kutoka kwenye flashi iliyozunguka mji mzima, antivirusi mbili zinazogombana, au kitu kilichowekwa juzi. Tukitoe. Ikianguka hata humo, tumshuku bareti, diski au joto.

Jambo hili linawapata hata wakubwa. Tarehe 19 Julai 2024, kompyuta karibu milioni 8.5 duniani zilianguka kila zilipowashwa, viwanja vya ndege na hospitali vikasimama. Sababu ilikuwa faili moja mbovu ya kampuni ya ulinzi, CrowdStrike. Mashine nyingi zilitengenezwa kwa kuingia katika njia hiyo nyepesi na kufuta faili hiyo moja. Hawakuhitaji kuformata.

Lakini ukisikia diski inalia tak-tak-tak, usiendelee kuwasha na kuzima. Kila kuwasha kunaiumiza. Nakili kwanza vitu vya maana, au mwambie fundi aitoe diski na kuisomea kwenye kompyuta nyingine.

Mbele ya fundi

Tumpe karatasi yetu ya dakika na picha ya maandishi. Tumwulize maneno matatu: Ugonjwa ni nini? Umeujuaje? Vitu vyetu utavinakili wapi kabla ya kugusa kitu? Asipojibu la tatu, mama, beba mashine yako.

Na kwa vikundi vyetu, tupatane hivi: kila mkutano ukiisha, mwandishi anakili hesabu kwenye flashi mbili, moja ikae kwa mama rais, nyingine kwa mtunza sanduku, nyumba mbali mbali. Daftari la karatasi liendelee. Umeme ukikatika, tuchomoe. Ukirudi, tungoje dakika kumi utulie ndipo tuchomeke. Kompyuta inaweza kufa na tukanunua nyingine, lakini deni na akiba ya wamama arobaini haviuzwi sokoni Kadutu.