Tasnifu Zisizopatikana Mtandaoni: Namna ya Kuifikia Hazina ya Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafiti, mathalani, kilimo cha pamba Usukumani, siku hizi huanzia kazi yake kwenye simu. Huandika maneno mawili matatu mtandaoni, na si ajabu akaletewa rekodi ya tasnifu iliyowasilishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miongo kadhaa iliyopita. Rekodi ina jina la mwandishi, mwaka na ikisiri. Akitafuta faili la kupakua, halipo. Badala yake hukuta maelezo kwamba kazi hiyo inapatikana kwa nakala iliyochapwa katika Mkusanyiko wa East Africana, Maktaba ya Dkt. Wilbert Chagula, yakifuatiwa na mfululizo wa herufi na tarakimu unaoanza na THS EAF.

Wengi hukata tamaa hapo, ilhali wamekwisha kupewa anwani kamili ya kitu wanachokitafuta.

Sehemu ya kwanza ya anwani hiyo hueleza aina ya kazi na mahali ilipohifadhiwa: THS ni tasnifu, EAF ni East Africana. Herufi zinazofuata zinatokana na mfumo wa uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani, unaotumiwa na maktaba nyingi za vyuo vikuu duniani. Herufi H ni sayansi za jamii, K ni sheria, L ni elimu, S ni kilimo, na DT ni historia ya Afrika. Vitabu vya lugha na fasihi ya Kiswahili hukaa katika PL, kwenye namba 8701 hadi 8704. Katika madaraja mengi, hasa ya uchumi na jamii, T34 huashiria Tanzania, K4 Kenya na U33 Uganda. Hivyo msomaji aliyekwisha kuijua HD, ambamo mna masuala ya ardhi na kilimo, anaweza kupita kwenye rafu akifuata T34 na kukutana na kazi ambazo hakujua kama zipo.

Lipo kosa moja linalowapotezea wageni muda mwingi. Namba inayofuata herufi za mwanzo husomwa kama namba ya kawaida, kwa hiyo HD 900 hutangulia HD 2000. Lakini tarakimu zilizo baada ya nukta husomwa kama desimali, hivyo .T34 hutangulia .T4, ingawa 34 ni kubwa kuliko 4. Asiyelijua hilo huweza kusimama mbele ya kitabu anachokihitaji na kuondoka akiamini kimepotea.

Jina la maktaba hiyo nalo lina historia yake. Dkt. Wilbert Chagula alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1965, wakati taasisi hiyo ilipokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 Chuo Kikuu hicho kilivunjwa na Dar es Salaam ikawa na chuo kikuu chake cha taifa.

East Africana ndiyo moyo wa maktaba hii. Humo zimo tasnifu, ripoti za serikali, magazeti na maandishi mengine yanayohusu Afrika Mashariki, na mengi kati yake hayauzwi katika duka lolote la vitabu. Zimo pia nyaraka za Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika wakati wa utawala wa Waingereza na kufariki dunia mwaka 1962. Cory alikusanya sheria za mila za Wasukuma, Wahaya na jamii nyingine, kisha akashiriki katika kazi ya kuziunganisha iliyozaa Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963. Tamko hilo bado hutajwa mahakamani katika mashauri ya mirathi. Mwanasheria au mwanaharakati anayetaka kujua kanuni fulani kuhusu urithi wa mjane ilitoka wapi, na nani aliulizwa ilipoandikwa, ana sababu nzuri ya kuanzia kwenye makaratasi hayo.

Hazina nyingine ni miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Katika miaka ya 1960 mtafiti J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya tenzi, barua na maandishi mengine yaliyokuwa yakitunzwa majumbani, pamoja na kurekodi sauti kwenye kanda. Orodha aliyoiandaa ilichapishwa Leiden mwaka 1970, na hadi leo ndiyo mlango wa kuingilia katika mkusanyiko huo. Kuisoma miswada yenyewe ni jambo jingine. Hati za Kiarabu zina alama tatu tu za irabu wakati Kiswahili kina irabu tano, kwa hiyo alama moja huweza kusimama badala ya i au e, na nyingine badala ya u au o. Msomaji hulazimika kuamua kwa kufuata maana, vina na lahaja ya mwandishi. Mashine inaweza kupiga picha ya ukurasa huo kwa dakika moja, lakini haiwezi kuamua.

Kwa nini basi kazi hizi zote zisiwekwe mtandaoni? Tasnifu za zamani zilipigwa chapa kwa taipureta, na kila ukurasa unapaswa kupitishwa kwenye skana kwa uangalifu ili jalada lisiharibike. Tena kuna suala la haki ya mwandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi katika maisha yote ya mwandishi na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kuihifadhi nakala kwenye rafu ni jambo moja. Kuisambaza dunia nzima ni jambo jingine.

Kwa machapisho mapya hali ni kinyume chake. Msomaji hukuta makala ya jarida yenye bei ya dola kadhaa, akaifunga. Kabla ya kufikia uamuzi huo anashauriwa kupitia ukurasa wa maktaba au kumwona mkutubi, kwani upo mpango wa kimataifa wa Research4Life unaoziwezesha taasisi za nchi zinazoendelea kupata majarida bila malipo au kwa gharama nafuu. Mpango huo ulianza mwaka 2002 kwa majarida ya afya chini ya Shirika la Afya Duniani, ukafuatiwa na kilimo, mazingira, teknolojia na sheria. Makala ileile inayodai malipo kwa mtu aliye nje hufunguka kwa aliyeingia kwa kutumia mtandao au nenosiri la taasisi yake.

Nafasi ya kusomea imeongezeka tangu Novemba 27, 2018, Rais wa wakati huo, Dkt. John Magufuli, alipozindua jengo jipya la maktaba lililojengwa kwa msaada wa China. Jengo hilo linaweza kuhifadhi vitabu 800,000 na kupokea wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja.

Vitabu vya kawaida huazimwa na wanachama, lakini vya East Africana husomewa hapohapo, kwa kuwa nakala ikipotea huenda isipatikane nyingine. Anayetoka mbali, awe wa Kigoma au Mtwara, anafanya vyema kutafuta kwanza katalogi mtandaoni, kunakili alama kamili za kazi anazozihitaji, na kuwasiliana na maktaba kabla ya kupanda basi ili ajue utaratibu na ada kwa wasomaji wa nje. Kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka taasisi yake humrahisishia mapokezi. Mtafiti asiye raia huhitaji pia kibali cha utafiti kinachotolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH).

Na kama anachokitafuta ni majalada ya serikali ya kikoloni, ya Wajerumani au ya Waingereza, safari yake si ya Mlimani bali ya Idara ya Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga.