Kujinyima Chakula Si Dawa ya Unene

Katika likizo iliyopita nilimtania mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 15, kwamba amenenepa. Tangu siku ile akakataa chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Usiku mmoja nilimkuta jikoni peke yake, akila mihogo iliyopoa kwa pupa, huku analia. Yafaa nieleze niliyojifunza baadaye.

Mwili ulionyimwa chakula hudai haki yake. Njaa huzidi, na mtu akianza kula hupita kiasi. Kisha huona haya, akajinyima tena; wengine hujitapisha. Kujitapisha mara kwa mara huharibu meno na kupunguza chumvi za damu, hata moyo huweza kusimama.

Katika jimbo la Minnesota, Marekani, mtaalamu Dianne Neumark-Sztainer na wenzake waliwafuatia vijana 2,516 kwa miaka 5. Mwaka 2006 walitangaza kwamba waliojinyima chakula na kutumia njia mbaya za kupunguza mwili walikuwa katika hatari ya unene karibu mara 3 kuliko wenzao.

Basi, kinga ni ipi? Tule pamoja nyumbani, kila mlo kwa wakati wake. Wasichana wacheze michezo kwa furaha, si kwa kuuadhibu mwili. Anayejitapisha apelekwe kwa daktari mapema. Nasi kaka zao tuache mizaha juu ya miili yao. Mimi nimekwisha kumwomba mdogo wangu radhi, na sasa twala sahani moja.